Barua ya wazi kwa wasimamizi wa gesi ya baharini: nani mwenye mamlaka ya kusema "simamisha"?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Dodoma
Viongozi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) na wa Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC)
Viongozi wa ZPRA, mamlaka ya udhibiti wa mafuta na gesi ya Zanzibar
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini

YAH: USALAMA NA UWAJIBIKAJI KABLA RIGI HAZIJARUDI BAHARINI

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninawaandikia kutoka Mtwara. Miaka ile ya utafutaji, bandari yetu ilipojaa mabomba na makontena, mimi nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli za huduma, zile zinazopelekea rigi, yaani mitambo ya kuchimba visima baharini, saruji, mabomba, tope la kuchimbia na chakula. Sina ugomvi na gesi. Nataka ichimbwe, nataka mtambo wa kuchakata gesi wa Lindi ujengwe, na nataka vijana wa huku wapate kazi huko. Ila kuna swali ambalo kila nikisikia hotuba za uwekezaji silisikii likijibiwa: siku kisima kitakapoonyesha dalili mbaya, usiku, kilomita nyingi kutoka nchi kavu, ni nani mwenye mamlaka ya kusema "simamisha", na atalindwaje akishasema?

Mnajua kilichotokea Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010. Wengi wetu tunakumbuka picha za moshi na ndege waliolowa mafuta. Mimi nawaomba mtazame saa chache kabla ya moshi.

Kisima kilicholipuka, Macondo cha kampuni ya BP, kilikuwa kimechelewa kama wiki sita na kimezidi bajeti kwa zaidi ya dola milioni 58. Rigi iliyokuwa ikikichimba, Deepwater Horizon ya kampuni ya Transocean, pamoja na huduma zake, ilikuwa ikigharimu karibu dola milioni moja kwa siku. Halliburton, waliokuwa wakisimamia saruji ya kuziba kisima, walipendekeza vishikizo 21 vya kuweka bomba katikati ya shimo ili saruji izunguke sawasawa. Vilitumika 6. Asubuhi ya siku hiyo, mafundi walioitwa kupima kama saruji imeshika walirudishwa nyumbani kwa helikopta bila kupima chochote. Ziliokolewa dola kama laki moja na ishirini na nane elfu, na saa kadhaa.

Mchana wakafika wageni wanne, wakubwa wawili wa BP na wawili wa Transocean. Sehemu ya ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa kutimiza miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose siku ya kazi. Jioni, wageni wakiwa bado ndani, ikafanyika kipimo cha mwisho cha kujua kama kisima kimeziba kweli. Kinafanyika hivi: unapunguza uzito unaokandamiza kisima, unafunga, halafu unatazama geji. Kisima kilichoziba kinabaki sifuri. Geji ya bomba la kuchimbia ilipanda mpaka shinikizo la psi 1,400. Geji ya bomba dogo la pembeni ilikaa sifuri. Waliokuwepo wakabishana. Mmoja akatoa maelezo ya kwa nini geji moja inaweza kupanda na isiwe tatizo, maelezo ambayo wataalamu waliochunguza baadaye walisema hayana msingi. Kufikia kama saa mbili usiku ikakubaliwa kwamba kipimo kimefaulu, wakaanza kutoa tope zito lililokuwa likikikandamiza kisima na kuweka maji ya bahari mahali pake. Saa nne kasorobo ikapita, na dakika chache baadaye gesi ikalipuka. Watu 11 walikufa, 115 wakaokoka, na mafuta yakamwagika kwa siku 87.

Waheshimiwa, geji haikuwa imeharibika. Kila mtu pale aliiona. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema, "Mimi siridhiki, tusimame tuanze upya," akijua kwamba kesho atakuwa na kazi yake.

Tena walikuwa wameshaonywa na watu wao wenyewe. Mwezi Machi mwaka huohuo, wiki chache kabla ya mlipuko, Transocean iliagiza uchunguzi wa maoni ya wafanyakazi wake. Baadhi walisema wanaogopa kulipiziwa wakiripoti makosa. Wengine wakasema wenzao hujaza kadi za usalama kwa mambo ya kutunga, ili mradi idadi itimie.

Hilo la kadi nalijua, na si la Marekani peke yake. Kwenye meli moja niliyofanyia kazi, kila zamu ulitakiwa utumbukize kadi ya usalama kwenye kisanduku kilichokuwa mlangoni pa chumba cha kulia. Asiyetumbukiza anaulizwa. Basi zamu inapokaribia kwisha utawakuta watu wamepanga foleni wanaazimana kalamu. Huyu anaandika, "nilimkumbusha mwenzangu ashike mkono wa ngazi." Yule ananakili ya jana. Mwenye kadi nyingi mwisho wa mwezi alipewa kofia na fulana, na wapo wenzangu waliokuwa na fulana za kutosha kufungua duka. Siku waya wa kreni ulipoanza kufumuka nyuzi, na walioona walikuwa zaidi ya mmoja, hakuna aliyeandika. Kuandika ni kusimamisha kreni. Kreni ikisimama, rigi inasubiri mzigo, na rigi ikisubiri lazima apatikane wa kulaumiwa. Sisi vibarua wa mikataba ya miezi mitatu mitatu tulijua atakuwa nani. Bosi wa sitaha alikuja kuuona waya huo mwenyewe, baadaye, na tukashukuru Mungu. Ripoti ya mwezi ule ilisema usalama umeongezeka, kwa sababu kadi zilikuwa nyingi kuliko mwezi uliotangulia.

Ndiyo maana nawasihi mtakapoletewa takwimu za usalama na kampuni yoyote, msiridhike na mstari unaosema "siku kadhaa bila ajali". Takwimu hiyo inahesabu vidole vilivyobanwa na watu walioteleza. Kuhusu shinikizo la kisima haisemi lolote. Mwaka 2011 Transocean hiyohiyo iliwaambia wenye hisa zake kwamba kwa vipimo vyake, 2010 ulikuwa mwaka bora kabisa wa usalama katika historia ya kampuni, na wakubwa wakalipwa bonasi. Baada ya kelele za watu, wakubwa hao walitangaza kuitoa bonasi ya usalama kwa mfuko wa familia za waliokufa.

Na uwajibikaji je? BP ilikiri makosa, yakiwemo mashtaka 11 ya kuua bila kukusudia, ikatozwa dola bilioni 4 katika kesi ya jinai, na mwaka 2015 ikakubali kulipa zaidi ya bilioni 20 kumaliza madai ya serikali kuu na ya majimbo. Hizo ni fedha nyingi, zimelipwa na wenye hisa. Wasimamizi wawili wa kisima waliokuwa rigini ndio walioshtakiwa kwa vifo. Mashtaka ya kuua yakafutwa, mmoja akapewa kifungo cha nje kwa kosa dogo la uchafuzi, na mwingine akaachiwa huru na baraza la mahakama mwaka 2016. Hakuna aliyelala jela hata siku moja kwa ajili ya vifo vya wale 11. Waliobana bajeti ofisini Houston hawakufikishwa kizimbani kabisa kwa vifo hivyo.

Mtaniambia, yale yalikuwa mafuta, yetu ni gesi. Ni kweli gesi haitapaka mikoko lami. Lakini Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi la Uingereza kwenye Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, iliteketea kwa gesi, na ilichukua watu 167. Chanzo chake kilikuwa karatasi. Valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, na kibali chake cha kazi hakikuwa pamoja na kibali cha pampu yenyewe. Zamu ya usiku, pampu ya pili ilipozimika, wakawasha ile ya kwanza bila kujua kwamba haina valvu. Hayo mnaweza kuyasoma popote. Linaloniumiza mimi ni majukwaa ya jirani. Claymore na Tartan yalikuwa yameunganishwa na Piper kwa mabomba, na yaliendelea kusukuma huku moto ukionekana kwa macho. Kama dakika 20 baada ya mlipuko wa kwanza, bomba la gesi la kutoka Tartan likapasuka, na hapo ndipo moto ukawa ule uliomeza jukwaa zima. Kufunga uzalishaji ni hasara kubwa, kuufungua tena ni kazi ya siku kadhaa, na waliokuwa zamu walisita wakingoja neno kutoka nchi kavu. Ndani ya Piper, wengi waliofuata maelekezo wakakaa kwenye vyumba vya makazi kungoja helikopta walikufa humo kwa moshi. Wengi wa walioruka baharini bila kuamriwa na mtu ndio waliopona.

Baada ya hapo Uingereza ilifanya jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106, na mojawapo ni kuuondoa usimamizi wa usalama kwenye Wizara ya Nishati, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha mafuta yanatoka, na kuupeleka kwa chombo cha usalama kazini kisichojali yanatoka mapipa mangapi. Norway nayo ilitenganisha mwaka 2004. Marekani hawakusikia mpaka 2010, walipogundua kwamba idara moja, MMS, ndiyo iliyokodisha bahari, ikakusanya mapato na ikakagua rigi. Baadhi ya wakaguzi wake walikuwa wakipokea zawadi na kupelekwa kuwinda na kutazama mechi na kampuni walizozikagua. Idara hiyohiyo ilipitisha mpango wa dharura wa BP wa Ghuba ya Mexico uliotaja namna ya kuwalinda walrasi, mnyama wa barafu za kaskazini asiyepatikana kabisa kwenye ghuba ile. Mtu alinakili mpango wa mahali pengine, na aliyegonga muhuri hakusoma. Idara ikavunjwa vipande vitatu.

Sasa tutazame kwetu. PURA ndiyo inayoshughulikia kunadi vitalu, yaani maeneo ya kutafutia mafuta na gesi, ndiyo inayokagua gharama za wawekezaji, na ndiyo inayotarajiwa kusimamia usalama wa uchimbaji. Sina sababu ya kuwatilia shaka watumishi wake, na wapo niliokutana nao wanaoijua kazi yao vizuri. Ila mnadi wa ng'ombe hapewi muhuri wa kukagua nyama, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Siku ambayo kusimamisha rigi kutamaanisha mwekezaji kununa, mapato kuchelewa na waziri kuulizwa bungeni, mkaguzi anayekaa chumba kimoja na mnadi atabanwa, hata asipopigiwa simu na mtu.

Na yapo maswali madogo yanayohitaji majibu ya wazi. OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, wana mkaguzi aliyefunzwa mambo ya visima, mwenye cheti cha kuruka kwenda baharini, anayeweza kushuka rigini bila kuomba kiti kwenye helikopta ya kampuni anayoikagua? NEMC wa mazingira na TASAC wa meli wana mipaka gani pale, na nani anamwamuru nani? Kisima kikiwa upande wa Zanzibar na upepo ukivuma kuelekea Bara, au kinyume chake, nani anashika usukani? Kisima cha Macondo kilikuwa kwenye maji ya mita 1,500 hivi. Baadhi ya visima vya kitalu namba 2 mbele ya Lindi vimechimbwa kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000. Kifaa cha kufunika kisima kilichopasuka kitatoka nchi gani, kwa meli ipi, na kitachukua siku ngapi? Nisingependa jibu liwe "mwekezaji anazingatia viwango vya kimataifa". BP nao walikuwa wakivizingatia.

Tukisema tutajifunza ajali ikitokea, tumeshajifunza mara ngapi? MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Tume ikaundwa, tukalia, na Julai 2012 ikazama Skagit. Septemba 2018 ikawa MV Nyerere pale Ukara, nayo imejaza. Kila mara yupo aliyesimama gatini akaona meli imelala kwa uzito, na ama hakuwa na mamlaka ya kuizuia, ama alikuwa nayo akaogopa kuitumia.

Kuhusu wanaoishi pwani, nawaomba msome kisa cha Montara, maana kinatuhusu kuliko hata Macondo. Tarehe 21 Agosti 2009, kisima cha kampuni ya PTTEP Australasia kwenye Bahari ya Timor kilianza kumwaga mafuta na gesi, na hakikuzibwa mpaka tarehe 3 Novemba. Tume ya uchunguzi ilikuta saruji ya chini haikupimwa ipasavyo, na mojawapo ya kofia mbili za chuma za kuziba mabomba ya juu haikuwahi kufungwa. Ilikuta pia kwamba msimamizi wa serikali na kampuni walizoeana kupita kiasi. Kampuni ikatozwa faini ya dola za Australia 510,000, na kwa Australia mambo yakaonekana yamekwisha.

Ng'ambo ya pili ya bahari hiyo, kwenye kisiwa cha Rote na pwani ya Kupang nchini Indonesia, mwani ulikuwa unaoza kwenye kamba. Hawa ni wakulima wa mwani kama wa Paje na Jambiani, kama wa Pemba, kama wa vijiji vyetu vya Kusini: watu wa kamba, vigingi na maji kupwa. Kampuni ilikana kwamba mafuta yake yamefika huko. Mwaka 2016 mkulima mmoja, Daniel Sanda, akafungua kesi Australia kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000. Alishinda mwaka 2021. Mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola za Australia milioni 192.5. Ilikuwa miaka 13 tangu mwani kufa, na kuna waliokuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Shida yao kubwa mahakamani ilikuwa kuthibitisha. Kampuni inasema mafuta hayakufika, mkulima anasema ameyaona, na hakuna daftari la serikali linaloonyesha bahari ilikuwaje kabla. Basi wekeni daftari hilo sasa, kijiji kwa kijiji, kutoka Msimbati mpaka Pemba: mwani unaovunwa kwa msimu, samaki wanaoshushwa, hali ya matumbawe na mikoko. Lipimwe na vyuo vyetu, nakala ikae kwa serikali ya kijiji. Mfuko wa fidia utengwe kwa fedha taslimu kabla ya kuchimba, usimamiwe hapa nchini, ili mama wa Naumbu asilazimike kumtafuta wakili ng'ambo ya bahari.

Ninaloliomba kubwa zaidi liko kwenye sheria ya Norway. Huko, mwakilishi wa usalama aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe akiona hatari ya haraka kwa uhai, anaweza kusimamisha kazi mpaka mkaguzi wa serikali aamue, na hawezi kudaiwa hasara iliyotokana na kusimamisha huko. Kitalu namba 2 kinaendeshwa na Equinor, kampuni ya Norway. Kwao wanaishi na sheria hiyo na biashara inakwenda. Iandikwe hapa pia, kwenye sheria na kwenye kila mkataba, na imguse kila aliye kwenye mnyororo, hata kibarua wa wakala wa ajira na baharia wa meli ya huduma. Hao ndio wa kwanza kufukuzwa na ndio wanaoona mengi. Isiishie kuwa bango la Kiingereza ukutani linalosema kila mtu ana haki ya kusimamisha kazi. Mabango hayo nimeyaona kwenye meli ileile ya kadi.

Sambamba na hilo, ukaguzi wa usalama baharini utoke PURA na ZPRA uende kwenye chombo chenye bajeti yake na chopa yake, kinachoripoti bungeni na Baraza la Wawakilishi. Ripoti zake zichapishwe kwa Kiswahili ndani ya siku 30, pamoja na matukio yaliyokaribia kuwa ajali. Na kila kisima kiwe na jina la mkurugenzi mmoja, mtu mwenye pasipoti na anwani, aliyesaini kwamba ameuona mpango wa saruji na wa dharura na anauwajibikia binafsi mbele ya mahakama za Tanzania.

Yatagharimu, na mwekezaji atasema yanachelewesha. Mjibuni kwamba gesi imekaa chini ya bahari tangu kabla ya babu zetu, na haitaharibika kwa kungoja mwaka mmoja sheria ikamilike.

Naomba majibu ya maandishi kabla rigi ya kwanza haijaruhusiwa kuanza kuchimba, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri za Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia, na Unguja na Pemba vilevile. Sisi wa pwani tutayasoma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Baharia mstaafu wa meli za huduma,
Mtwara